Kitanda cha Matendegu Matatu

Hapo zamani, kabla sijazaliwa nikaanza kuwachosha watu kwa maneno, palikuwa na seremala fukara aitwaye Ngwali. Kitanda alichojitengenezea mwenyewe kilikuwa na matendegu matatu tu, maana mbao zilimwishia keshaanza kujisifu. Pembe ya nne aliiegemeza juu ya kinu cha mkewe, Mize. Basi ikawa kila asubuhi Mize akitaka kutwanga, hukivuta kinu chake, na Ngwali huporomoka chini, akacheka, akasema, "Alhamdulillahi, sijavunjika!"

Mji ule ulitawaliwa na Sultani Zaharani, aliyekuwa na kila kitu ila kicheko. Hata pilau aliila kama anayemeza dawa. Asubuhi moja akipita mtaani alisikia kishindo, kisha kicheko, kisha shukrani, na wivu ukamshika. Akaagiza Ngwali aletwe.

"Ewe fukara, wacheka nini nawe huna kitu?"

"Najicheka mwenyewe, Seyyidi yangu. Sihitaji kwenda mbali."

"Basi kesho niletee hicho kikuchekeshacho na kukushukurisha, nami nicheke na kushukuru kama wewe. Usipokileta, utauhama mji huu, wewe na mkeo."

Mize aliposikia alilia sana, kwani mamaye alizikwa pale na hakujua mji mwingine.

"Usilie, mke wangu," akasema Ngwali. "Kaagiza kinichekeshacho, nami nitampelekea hichohicho. Kinu baki nacho, utwange."

Siku ya pili akajitwika kitanda mpaka barazani kwa Sultani, akakitua, pembe ya nne akaishikilia kwa goti.

"Karibu, Seyyidi yangu. Kwetu mgeni hukaa kitandani."

Sultani akakaa. Ngwali naye, kwa adabu, akainuka ili aubusu mkono wake, na goti likaondoka. Wengine husema alikusudia. Mimi, kwa kuwa ni mjinga mwenzake, naona alisahau tu.

Sultani akaanguka chali, kilemba kikabingirika hadi mlangoni. Askari akachomoa upanga. Ngwali akapiga magoti, akijua sasa si mji tu, hata shingo yaweza kumhama.

Sultani akapapasa kiuno, akapapasa viwiko, akasema kwa sauti kuu, "Alhamdulillahi, sijavunjika!"

"Ndiyo hiyo shukrani, Seyyidi yangu," Ngwali akadakia. "Kicheko huja nyuma yake."

Sultani akatazama kilemba chake kule mlangoni, akamtazama waziri aliyekuwa akiuma mkono wa kanzu asicheke, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka.

"Omba utakacho!"

"Kitanda, Seyyidi yangu. Kipana, cha mninga, na matendegu yasipungue manne."

Akapewa siku ileile. Lakini kile cha zamani Sultani alikataa katakata kukirudisha. Basi Ngwali akafika kwake na kitanda kipya, kikagoma kuingia mlangoni. Fundi mzima alitaja upana wa kitanda, upana wa mlango wake hakuukumbuka. Ikabidi kibaki uani, kuku wakakipanda, na wenyewe wakalala sakafuni juu ya mkeka.

Asubuhi Mize akavuta kinu. Hakuna aliyeanguka. Wakatazamana, kisha wakacheka hadi kuku wakashuka kitandani.

"Alhamdulillahi," akasema Ngwali, akijinyoosha mkekani. "Huku chini, mke wangu, hakuna pa kuangukia."