Kipasuo Mikononi mwa Bi Mafunda

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, nisije nikakatizwa katikati.

Palikuwa na ndugu watatu katika mji wa Tanga, baba mmoja, mama mbalimbali. Baba yao, Mzee Kibwana, alikuwa mpambaji wa harusi. Alipofariki aliwaachia chumba kimoja cha kupanga kule Ngamiani, meza moja kubwa ya kazi, na wivu wa mama zao watatu, ambao wao waliutunza kuliko walivyoitunza meza.

Mkubwa alikuwa Mwanakombo. Yeye mikono yake ilijua karatasi. Akiipapasa kwa kidole gumba, atakwambia itachanikia wapi na kwa nguvu kiasi gani.

Wa pili alikuwa Hemedi. Yeye mikono yake ilijua waya. Redio ambayo mafundi wote wa mji wameikatia tamaa, yeye huipigapiga kidogo, akaifungua, na jioni ikasoma habari.

Wa tatu alikuwa Siwatu, mpiga kinanda wa kikundi cha taarabu. Yeye masikio yake yalijua sauti. Wimbo akiusikia mara moja hausahau, hata kama aliyeuimba amekwisha kuusahau.

Ile meza waliigawa kwa chaki, mafungu matatu. Mkasi wa Mwanakombo ukivuka mstari, Hemedi huutupa sakafuni. Siwatu akijaribisha kinanda, Mwanakombo huanza kukung'uta makaratasi kwa makusudi. Wiki nzima inaweza kupita pasiwe na salamu humo ndani. Kisha mwenye nyumba akawaambia kuwa anataka kukivunja kile chumba ajenge upya, wawe wametoka kabla ya mwezi wa Shaabani. Kila mmoja akalala akiwaza atakwenda wapi. Hakuna aliyewaza watakwenda wapi.

Siku mbili tatu baadaye akaingia Bi Zuwena, mwenye ukumbi mkubwa wa harusi, bibi wa maneno makali na miwani mizito. Mjukuu wake alikuwa anaolewa.

"Nataka vipasuo," akasema.

Wakamtazama. Bi Zuwena akawaeleza. Alipokuwa binti, mama yake alifanya kazi za ndani kwa bwana mmoja wa shamba la mkonge, na huko aliviona. Ni bomba la karatasi ngumu, urefu wa shibiri, limezungushiwa karatasi ya kung'aa na kukazwa ncha mbili kama pipi kubwa. Watu wawili hushika huku na huku, wakavuta, likapasuka pa! na ndani mkatoka kizawadi.

"Lakini mimi sitaki pa," akasema Bi Zuwena. "Nataka kikipasuka, kiimbe. Arubaini vya wageni, na kimoja kikubwa cha kuvuta mimi na Bi Mafunda mbele ya watu."

"Kiimbe nini, Bi?" akauliza Siwatu.

Bi Zuwena akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Chungu Chenu Kinavuja."

Hapo wote watatu wakaelewa. Miaka thelathini nyuma, Bi Zuwena na Bi Mafunda waliongoza vikundi viwili vya taarabu vilivyochukiana mpaka waume wao wakaacha kuswali msikiti mmoja. Bi Zuwena ndiye aliyetunga ule wimbo wa kuwasuta wapinzani wake, kwamba chungu chao kinavuja na mchuzi wao umemwagika, na mji mzima ukauimba. Kikundi cha Bi Mafunda kikatunga jibu. Siku ya kulitoa, kabla hawajafungua kinywa, nyaya za vipaza sauti zikakutwa zimekatwa. Jibu halikusikika, na kikundi kikafa kwa aibu. Sasa mjukuu wa kiume wa Bi Mafunda ndiye aliyemchumbia mjukuu wa kike wa Bi Zuwena. Vijana walipendana, hawakuuliza mtu.

"Muziki utokee upande wake," akasema Bi Zuwena. "Umwimbie mkononi. Nimwone uso."

Mwanakombo hakupenda, lakini kazi ni kazi. Akaanza. Kipasuo cha kwanza kilichanika nchani, mvutaji akabaki na kishungi cha karatasi. Cha pili kikapasuka ovyo na matumbo yake yote yakamwagika mezani. Hemedi akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Karatasi yako hii, dada, inafaa kufungia bagia."

Mwanakombo akakaa siku nne na sindano ya cherehani, akitoboa ndani ya bomba duara la vitundu ambavyo jicho halivioni, kisha akaweka tabaka la pili, kisha la tatu, kwa gundi ya unga wa muhogo aliyoichemsha mwenyewe. Upande mmoja akauimarisha ndani kwa kitambaa, akaufunga utepe mwekundu. Tangu hapo, avute mtu kwa hasira au avute kwa aibu, kipasuo kilipasuka mahali palepale, na kilichomo kikabaki upande wa utepe mwekundu, hakidondoki. Moyoni mwake hakufanya hivyo kwa ajili ya bibi harusi. Alitaka siku kitakapoharibika, kila mtu aone kuwa kilichoharibika ni cha Hemedi.

Akamwambia hivyo hivyo, kwa sauti. "Vidude vyako hufa kabla mgeni hajavua viatu."

Hemedi akawa mwekundu wa macho. Alikuwa amenunua wanasesere wanaosema, akawapasua na kuwatoa vile vinasa sauti vidogo. Kati ya betri na shaba aliweka kiulimi cha plastiki kilichofungwa uzi. Kipasuo kikivutwa, uzi unakichomoa, sauti inaanza. Baada ya maneno ya Mwanakombo akavifumua vyote. Kila kimoja akakivika vifuniko viwili vya chupa vilivyogandishwa pamoja, ndani akatia sponji, na mahali pa kukizimia hakuacha. Kikianza, kimeanza mpaka kiishe. Ili kujaribu, akakirusha ukutani. Kikapita sentimita chache tu juu ya kichwa cha Mwanakombo, kikagonga, kikaanguka, kikaendelea kulia.

"Umekusudia!" akapiga kelele Mwanakombo.

"Ningekusudia kingekupata."

Siwatu yeye akakaa na kinanda chake. Sauti ilitakiwa iwe ya nusu dakika tu, bila maneno. Alipiga kwanza ule wimbo wa Bi Zuwena kama alivyoagizwa. Lakini mama yake Siwatu alikuwa mmoja wa wale wanawake wa Bi Mafunda, na jikoni, akikuna nazi, alizoea kuvumisha puani wimbo ambao binti yake hakuwahi kuusikia mahali pengine popote. Siwatu alipokua akajua ni nini. Ndilo lile jibu. Basi akarekodi hivi: robo dakika ya kwanza wimbo wa Bi Zuwena, robo ya pili jibu la Bi Mafunda. Hakumwambia mtu. Alijua nduguze wangemzuia, na kwa kweli Mwanakombo angeujua mpango ule, angekikanyaga kinanda.

Siku ikafika. Ilikuwa alasiri, sherehe ya wanawake, ukumbi umejaa udi na asumini. Bi Mafunda akaingia na watu wake wapatao hamsini, amevaa kama mtu aendaye mahakamani. Mlangoni akasimama.

"Zuwena, nimekuja kwa sababu ya watoto," akasema, na waliokuwa karibu wote walisikia. "Nikitiwa kidole jichoni leo, naondoka na watu wangu. Na mjukuu wako mtabaki naye hapahapa, haji kwangu."

"Karibu, shoga," akajibu Bi Zuwena. "Keti."

Mwanakombo alikuwa amesimama nyuma, karibu na meza ya maji. Akamwona bibi harusi akiwa amefumba macho chini ya shela, na vidole vyake vyenye hina vimekamata ukingo wa kiti. Kwa mara ya kwanza akatamani kipasuo kile kiharibike, hata kama kosa litakuwa lake.

Vile arubaini vya wageni vikangoja mezani, kwanza wakapanda jukwaani wale bibi wawili. Bi Zuwena akampa mwenzake upande wa utepe mwekundu. Bi Mafunda akakitazama kile kitu kama atazamavyo mtu samaki asiye na uhakika naye, kisha akavuta. Na alivuta kwa chuki ya miaka thelathini, mpaka Bi Zuwena akayumba. Karatasi ingekuwa nyingine ingechanika vipande na kumwaga matumbo yake chini, au ncha ingechomoka mtu asisikie kitu. Kilipasuka katikati, sawasawa. Na mkononi mwa Bi Mafunda kikaanza kuimba Chungu Chenu Kinavuja.

Wengine upande wa Bi Zuwena wakaanza kucheka chinichini.

Bi Mafunda alikiinua kile kipasuo juu akakibamiza sakafuni kwa nguvu zake zote. Kisha akakikanyaga kwa kisigino. Kifaa kingine kingekufa pale. Kile kiliendelea kulia, kimefinyangwa ndani ya karatasi, chungu kinavuja, chungu kinavuja. Akageuka, akakusanya buibui lake, na wanawake wake hamsini wakainuka kwa pamoja. Viti vikakwaruza. Bibi harusi akafumbua macho.

Bi Mafunda alikuwa amekwisha kuteremka ngazi moja wimbo ulipogeuka.

Akasimama. Mguu mmoja ulikuwa chini na mwingine juu. Kinanda kilikuwa kinapiga kitu ambacho, katika ukumbi ule wote, walikijua wanawake wake tu, na kila mmoja wao alidhani amekizika. Bibi mmoja mnene nyuma akashika kinywa. Mwingine akaanza kuimba maneno, kwa sauti ya kukwaruza:

"Kama chungu kilivuja, mbona sahani mlilamba?"

Wa pili akapokea. Wa tatu. Mpaka kidude kikamaliza robo dakika yake na kunyamaza, nao wanaendelea bila ya kinanda, wanapiga makofi, na Bi Mafunda yuko katikati yao, machozi yanamchirizika, anaimba kwa sauti ile ambayo mji ulinyimwa.

Bi Zuwena alisimama jukwaani na nusu ya kipasuo mkononi. Uso wake ulikuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Walipomaliza ubeti, wote wakamgeukia.

"Hicho ndicho mlichokuwa nacho siku ile?" akauliza.

"Ndicho," akasema Bi Mafunda.

Bi Zuwena akafikiri. "Kikali," akasema. "Haya, ubeti wa pili unasemaje?"

Hawakukumbatiana, msije mkadhani. Lakini Bi Mafunda akarudi kitini, watu wake wakaketi, na walisutana kwa nyimbo mpaka adhana ya magharibi. Bibi harusi akaenda kwa mumewe siku ileile.

Kesho yake Bi Zuwena akawaita wale ndugu watatu ukumbini. Mbele ya ukumbi palikuwa na chumba kizuri, chenye dirisha la vioo kutazama barabara. Akawaonyesha.

"Nilitaka kumtukana mtu, nikaponea chupuchupu kuivunja ndoa ya mjukuu wangu," akasema. "Chumba hiki nakitoa kwa fundi aliyeniokoa. Mapambo ya harusi zote za ukumbi huu yatakuwa yake. Lakini nakitoa kwa mmoja. Nimewasikia mnavyogombana, nikiwaweka watatu mtanichomea ukumbi kabla mwezi haujaandama."

Hemedi akawa wa kwanza. "Mimi, Bi. Alikibamiza, akakikanyaga. Kingenyamaza pale, jibu lingesikika wapi? Angekuwa keshafika barabarani."

"Na kama kingechanika vibaya?" akasema Mwanakombo. "Kile kidude kingedondoka kabla hata uzi haujavutika, kisilie kabisa. Angebamiza nini, ukimya?"

"Kisingelia, ndoa ingekuwa salama vilevile!" Hemedi akamkatiza. "Karatasi yako ndiyo iliyomfikishia tusi mkononi."

"Na kidude chako ndicho kilichokataa kuacha kumtukana!"

Siwatu akangoja wanyamaze. "Nyinyi wawili mlifanya kitu kizuri cha kubebea matusi," akasema. "Mimi ndiye niliyetia jibu."

"Wewe ulivunja agizo la mwenye kazi," akasema Mwanakombo. "Bi Zuwena alisema wimbo mmoja. Ulicheza kamari na harusi ya watu. Angeteremka ngazi mbili zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine leo."

"Lakini hakuteremka."

Bi Zuwena akawageukia mmoja baada ya mwingine. "Nijibuni kweli. Nani kati yenu alifanya kazi yake kwa ajili ya yule msichana?"

Mwanakombo akataka kusema ni yeye. Akakumbuka zile siku nne za sindano, na nia aliyokuwa nayo, akaacha. Akamtazama Hemedi, Hemedi alikuwa anatazama viatu vyake. Siwatu akafungua kinywa, akasema polepole, "Mimi nilifanya kwa ajili ya mama yangu."

Bi Zuwena akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akauweka ufunguo juu ya meza, katikati yao, akatoka nje kupunga upepo, maana alishindwa kuamua. Na wao watatu wamesimama pale, hakuna anayetaka kuugusa mbele ya mwenzake, na hakuna atakayemwacha mwenzake auguse.

Mimi niliyoyapata yanaishia hapo. Karatasi ilipasuka ilipotakiwa kupasuka. Kidude hakikufa kilipotakiwa kufa. Wimbo uligeuka bila ruhusa ya mtu. Kingekosekana kimojawapo, bibi harusi angebaki ukumbini na shela lake, au yule bibi angekufa na jibu lake kifuani.

Haya, wewe uliyeketi hapo, na wewe, na wewe nyuma: ufunguo ule ungekuwa wako kuutoa, ungeutia mkononi mwa nani? Aseme mwenye jibu, na asiyekubaliana naye angoje zamu yake.