Sindano ya Ambokile

Hapo zamani, si za mababu bali za juzijuzi tu, alikuwako Subilaga, mke wa Ambokile, mwalimu wa kwaya huko Rungwe. Ambokile aliugua saratani. Dawa zikaiua saratani, zikaua na chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Mji usio na askari hauchelewi kuvamiwa: nimonia ikamwingia mapafuni. Akatundikiwa dawa za kuua vijidudu, homa ikakaidi.

Subilaga, mjamzito wa miezi ya mwisho, akaitwa na madaktari wawili.

Daktari Atupele akasema, "Mama, ipo sindano inayouamsha uboho ndani ya mifupa utoe askari wapya. Tumchome leo. Hawezi kupigana mikono mitupu."

Daktari Tusekile akasema, "Mama, askari hao wakifurika kwenye mapafu yaliyoumia, huweza kuyavimbisha, mtu akashindwa kupumua. Tuziachie dawa za vijidudu zifanye kazi."

Subilaga akamgeukia. "Angekuwa mumeo, daktari?"

"Ningeogopa."

"Nami naogopa. Lakini kungoja nako kunaua. Mchomeni. Ila wewe unayeogopa, usibanduke kwake."

Wakamchoma siku baada ya siku. Chembe zikapanda, homa ikashuka, Ambokile akaomba uji. Subilaga akacheka huku analia. Chembe zikazidi kupanda. Ghafla Ambokile akaanza kutweta, midomo ikageuka rangi. Tusekile, ambaye kweli hakubanduka, akaliona hilo kabla ya yeyote. Akasimamisha sindano, akamwekea oksijeni, akakesha naye mpaka mapafu yakatulia.

Ambokile akatoka hospitali kwa miguu yake, akamkuta binti mchanga nyumbani. Siku ya ubatizo madaktari wote wawili walikuja.

"Mtoto apewe jina la aliyeniponya," akasema Ambokile.

"Basi ni Atupele," akasema wa kwanza. "Bila sindano yangu, ungepigana na nini?"

"Ni Tusekile," akasema wa pili. "Bila macho yangu, askari wako wenyewe wangekumaliza. Tena nani ajuaye kama dawa za vijidudu zisingetosha?"

Ambokile akamtazama mkewe. "Ninyi mlisomea. Huyu hakusomea, na ndiye aliyebeba uamuzi. Mimi ningemwita Subilaga."

Subilaga akamsogeza mtoto kwenye maji. Mchungaji alikwisha chovya mkono majini, anangoja.

Haya, ninyi mlioketi hapa, mjibuni mchungaji: mtoto aitwe nani?