Vyungu vya Ngiri Vilivyopinda

Paukwa!

Pakawa!

Ah, mmejibu kama mliolazimishwa. Nyinyi wakubwa huko nyuma, midomo ni ya kula tu? Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa tumesikizana. Hapo kale sana, alikuwako Ngiri na mkewe, Bi Ngiri. Waliishi kando ya mto, katika shimo lenye ukumbi na chumba. Asubuhi Ngiri alichimba mizizi, akaleta nyumbani, wakala wakashiba. Mume mwema. Lakini jua likipinda tu, huyo mtoni! Anapiga magoti, anachota udongo, anafinyanga vyungu. Pata-pata-pata!

Na vyungu vyenyewe, jamani! Kimoja kimelala ubavu. Kingine mdomo umekwenda kisogoni. Kingine ukikitia maji, chururu, yote chini. Ngiri anakitazama, anacheka peke yake, anakibeba nyumbani.

"Cha nini hicho?" anauliza Bi Ngiri.

"Chungu."

"Nauliza, cha nini?"

"Cha kufinyanga tu, mke wangu."

Vyungu vikajaa ukumbini. Vikajaa chumbani. Bi Ngiri akiamka, kwaa! amejikwaa. Akigeuka, kwaa! amejikwaa tena.

"Jamani, nimeolewa na mume au nimeolewa na udongo?"

Siku moja akaja jirani yao, Kanga, mwenye maneno mengi. "Shoga yangu, mbona unateseka? Mwambie awafinyangie wenzake. Swala hana chungu. Nyani hana chungu. Wakileta mizizi, nyinyi mnakula bila kuchimba."

Bi Ngiri akaona hiyo ndiyo akili. Akawaita wanyama, wakaja.

Swala akasema, "Changu kiwe chembamba, kirefu."

Nyani akasema, "Changu kiwe na masikio, na kesho nikikute."

Nyati hakusema mengi. "Changu kikubwa." Akakaa hapo hapo kusubiri.

Ngiri akafinyanga asubuhi. Akafinyanga mchana. Pata-pata-pata! Hakucheka tena. Swala akarudi, "Mbona hiki kinavuja?" Nyani akarudi, "Masikio yako wapi?" Nyati akakikalia chake, pwaa! kikapasuka, akasema hakina nguvu.

Ngiri akautupa udongo mtoni. Chubwi!

"Basi! Sifinyangi tena!"

Bi Ngiri akashukuru. Akavitoa vyungu vyote nje, akafagia, akakaa raha mustarehe. Raha yenyewe haikufika jioni. Maana Ngiri sasa hana pa kwenda. Mkewe akifagia, "Mama, pale umeacha." Akipika, "Mama, chumvi." Akijinyoosha kidogo, "Mama, mbona umelala?" Akitoka, anamfuata nyuma. Akirudi, anamfuata nyuma. Na akinyamaza ndiyo balaa zaidi. Analala mlangoni, pua chini, anahema, huuu, huuu. Hata mizizi haimpiti kooni. Mbavu zikaanza kuonekana.

Bi Ngiri kikamfika hapa, shingoni. Hasira na huruma, vyote kwa pamoja. Akaenda mtoni mwenyewe, akachota bonge la udongo, akalibwaga mbele ya mumewe. Puu!

"Finyanga!"

"Cha nani?"

"Si cha mtu."

"Kikivuja?"

"Kivuje! Kipinde! Kilale! Ila ondoka mlangoni pangu!"

Ngiri akainuka. Wakaenda mtoni wote wawili, maana Bi Ngiri hakuamini kwamba hatarudi upesi. Akakaa amenuna, anamchunga. Kukaa bure kukamchosha. Akashika kibonge cha udongo. Akakibonyeza. Akakikunja. Akakitazama, akakirekebisha kidogo. Akakirekebisha tena.

Jua likazama. "Mama, twende, njaa inauma," akasema Ngiri.

"Usinisemeshe! Ukingo huu haujakaa sawa."

"Lakini, Mama..."

"Nimesema usinisemeshe!"

Chungu hicho, wanangu, kilikuwa kibaya kuliko vyote vya mumewe. Bi Ngiri akakibeba kifuani kama mtoto mchanga. Wakalala na njaa, na Bi Ngiri usingizini anatabasamu.

Basi sikilizeni, wadogo na wakubwa. Mwenzako akiwa na kazi ya mikono anayoifanya kwa kupenda tu, mwache aifanye. Usimharakishe, usimwagizie, usimuulize faida. Furaha yake imo mle mle katika kuifanya.

Hadithi yangu imefika kikomo. Anayetaka ya ziada akamuulize Kanga, mimi koo limekauka.