Sauti Zilizobaki Shambani

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Mkinitaka niendelee, itikieni hivyo hivyo. Kwa nini, mtajua mbele ya safari.

Kale sana, kale ya babu za babu zetu, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama. Udongo wao ulikuwa mwekundu, mvua yao ya kubahatisha, na ndege wao wengi kuliko majani. Mtama ulipoanza kukomaa, kweleakwelea walikuja kama moshi. Vrrrr! Wakitua shambani asubuhi, jioni mabua yalisimama matupu.

Kwa hiyo kila shamba lilijengewa dungu, kichanja kirefu cha miti, na juu ya dungu alipandishwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kuamia, kuwafukuza ndege. Alipanda jua likichomoza, akashuka jua likizama. Kutwa akizungusha kombeo, kutwa akipiga kelele. Hoooo! Vuu, pa! Hoooo! Tumboni mwake mlikuwa na uji wa jana, kama jana uji ulibaki.

Kijijini hapo aliishi bibi mmoja, Bi Siwatu. Watoto wote walisoma kwake. Hakuwa na vitabu. Jioni waliketi uani pake, akawafundisha majina ya waliotangulia, majani ya dawa, nyota za kupandia, vitendawili na hadithi. Mtoto aliyefundwa na Bi Siwatu hakudanganywa sokoni wala hakupotea porini.

Mwaka mmoja mvua ilikuwa haba. Ndege wakazidi. Watoto wakapiga kelele kuliko miaka yote. Jioni moja Bi Siwatu akaita, "Paukwa!"

Kimya.

"Paukwa! Mmeninunia leo, wajukuu zangu? Au mmeshiba hata midomo haifunguki?"

Wengine wakajaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Binti mmoja, Nyamvula, akafungua mdomo.

"Kkhaa," akasema.

Akagusa koo lake. Akakohoa kiganjani, na kiganja kikawa chekundu.

Bi Siwatu akampangusa kwa upindo wa nguo yake. Jioni ile hakufundisha kitu.

Kulipokucha akaenda kwa Mkanga, baba yake Nyamvula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mshushe mtoto dunguni. Koo lake limechanika."

"Nimshushe? Mimi nalima kwa watu nipate unga wa leo. Mama yake yuko kaburini. Ataamia nani?"

"Sauti itamwisha, Mkanga. Hataweza kusoma tena."

"Na akisoma tutakula nini, mama? Hadithi? Ndege hawangoji hadithi iishe."

Bi Siwatu akakitazama chungu cha Mkanga. Kilikuwa kimefudikizwa, kikavu. Hakumlaumu. Akaondoka, akaenda barazani kwa wazee.

"Watu wazima tupande madungu kwa zamu," akawaambia. "Watoto washuke."

Wazee wakacheka. Mzee Tindwa, mwenye kilemba kikubwa kuliko vyote, alicheka hadi akashika mbavu.

"Bi Siwatu! Dungu ni la watoto tangu dunia iumbwe. Mtu mzima akipanda kule, heshima yake anaiacha chini."

"Basi yangu nitaiacha chini, Tindwa. Anayeitaka aiokote."

Akaenda kwenye dungu la Mkanga. Akapanda. Mguu mmoja, pumzi. Mguu wa pili, pumzi. Nyamvula akaketi chini, kivulini. Watu wakaja kutazama.

"Njooni mwone! Bibi amerudia utoto! Kesho ataomba kunyonya!"

Bi Siwatu akashika kombeo.

"Sikiliza, Nyamvula. Kilimia, zile nyota za kupandia, kikizama kwa jua... Hoooo! Vuu, pa! ...huzuka kwa mvua. Ile nyota nyingine niliyowaonyesha uani... Hoooo! We mwizi, toka! ...hiyo usiipandie kitu."

Ndivyo alivyomsomesha. Neno moja kwa mtoto, kelele mbili kwa ndege.

Lakini madungu yalikuwa mengi, na Bi Siwatu alikuwa mmoja. Kwenye mengine watoto waliendelea. Hoooo! Hoooo! Watu walimwona bibi kule juu, wakamhurumia, wakapita. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Jirani na shamba la Mzee Tindwa aliamia Sudi, mtoto wa mjane. Adhuhuri moja, jua kali, tumbo tupu, Sudi akasinzia.

Puu!

Aliyefika kwanza ni Mzee Tindwa. Akamwinua. Shingo haikukishika kichwa. Akambeba hadi kwa mama yake, njia nzima akimwita jina. Sudi! Sudi! Sudi hakuitika.

Wakazika. Ndege hawakukaa matanga. Vrrrr! Mzee Tindwa akatoka makaburini, akaenda moja kwa moja hadi kwenye dungu la mjane. Akavua kilemba chake. Akakiweka chini. Akapanda.

"Hoooo!" akaita, na waliomsikia walijua kwamba analia.

Kesho yake Mkanga akampokea Bi Siwatu dunguni kabla ya kwenda kulima kwa watu. Halafu akapanda mwingine, na mwingine. Watoto wakashuka. Watu wazima walichelewa, lakini walipanda.

Mtama ukavunwa, mchache. Njaa haikuisha mwaka ule. Jioni ya mavuno watoto wakajaa uani. Bi Siwatu akafungua mdomo kuwaita, na sauti haikutoka. Alikuwa ameimaliza yote shambani. Ilicheza midomo tu: Paukwa.

Watoto wakaiona.

"Pakawa!"

Waliitika wote, isipokuwa mmoja. Bi Siwatu akangoja kidogo, kana kwamba Sudi bado yuko njiani anakuja. Kisha akamnyooshea Nyamvula mkono. Na Nyamvula, kwa sauti ya kukwaruza ambayo haikupona hadi uzee wake, akaanza hadithi.

Wenzangu, Mkanga hakuwa mtu mbaya, wala Tindwa hakuwa mbaya. Mbaya ni njaa. Lakini njaa haina mikono, hutumia yetu. Mtoto akikaa kimya darasani, msimwite mjinga wala mkaidi kabla hamjauliza sauti yake ameiacha wapi. Na msingoje Sudi aanguke.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nilipewa na waliopokezana tangu kwa Nyamvula, nami nimewapa. Sasa ninyi mlio na sauti, itikieni mara moja zaidi, kwa niaba ya asiyeweza.

Paukwa!