Moto wa Majivuni kwa Gaudensia

Nyumba isiyofuka moshi haiombwi moto. Leo kwenye sala za jumuiya mmeisikia methali hiyo, nikawaona mnakonyezana, mkidhani mwenyekiti anazungumzia mapishi. Sasa mnaniuliza ilikotoka. Haya, endeleeni kupukuchua mahindi, masikio hayazuii mikono. Methali yenyewe ilianza hivi.

Zamani, katika kitongoji cha Ludihani, huku huku milimani kwenye baridi inayong'ata, waliishi Gaudensia na mumewe, Otmari Haule. Hawakuwa wazaliwa wa hapo. Walitoka misheni, mwendo wa siku mbili kwa miguu, wakitafuta pa kulima, kwa maana kwao ndugu walikuwa wengi na ardhi ilikuwa imekwisha. Mkuu wa kitongoji, Mzee Kahinga, aliwagawia shamba zuri la bondeni. Hakuwauliza dini yao, na wao hawakuitaja. Otmari alikuwa amekwisha kunong'onezwa kwamba mzee yule hataki hata kuwasikia watu wa misheni. Mwanawe wa pekee alikwenda kusoma huko, asirudi hata kumzika mama yake. Msimcheke mzee, nalo ni donda.

Basi Otmari akamwambia mkewe kwamba dini ni jambo la moyoni, watasali ndani kwao, na nje watakuwa kama wengine. Gaudensia alikubali shingo upande. Msalaba ukatundikwa chumbani ambamo mgeni haingii, rozari ikawekwa chini ya mto. Tena hawakuficha dini peke yake. Miaka sita Gaudensia alikuwa amefanya kazi na masista kwenye zahanati ya misheni, kazi yake kuwatunza watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Alikuwa na mkono mwepesi kwa watoto hao, kila mtu alisema. Lakini akisema anajua, si ataulizwa alijifunzia wapi? Kwa hiyo akanyamaza na ujuzi wake.

Sasa sikilizeni habari ya moshi, nyie mliozaliwa na viberiti mfukoni. Siku zile moto ukikuzimikia, unatoka nje, unaangaza macho juu ya mapaa. Penye moshi unakwenda na kigae chako, unapiga hodi, unapalia makaa, unarudi kwako. Hakuna aliyenyimwa moto, ila pasipo moshi hakuna aliyekwenda kuomba. Otmari aliijua vizuri desturi hiyo. Kila asubuhi kabla ya sala aliyafukia makaa ndani ya majivu, moto ukabaki hai chini kwa chini, na juu paa likawa kama la nyumba iliyohamwa. Hivyo ndivyo walivyosali mwaka mzima na zaidi bila mtu kuwapigia hodi.

Masika ya pili mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Kuni zililowa, mapaa yakavuja, moto ukazimika nyumba baada ya nyumba. Asubuhi ya siku ya tisa Gaudensia alikuwa amepiga magoti, rozari mkononi, akaona kupitia ufa wa dirisha mtu anapita mbio kuelekea mtoni. Alikuwa jirani yao, Bibi Tabu, kanga kichwani, kigae mkononi. Gaudensia alijua anakwenda kutafuta nini. Jana yake Siwema, mkwe wa Bibi Tabu, alijifungua mtoto wa kiume miezi miwili kabla ya wakati, na nyumba yao haikuwa na hata cheche. Mwaka uliopita Siwema huyo huyo alijifungua vile vile, na mtoto aliishi siku tatu tu. Gaudensia alikwenda msibani, akachota maji, akalia na wenzake, akarudi kwake na mdomo wake umefungwa.

Akasimama katikati ya sala.

"Otmari, Bibi Tabu anakwenda kuvuka mto."

"Ng'ambo kuna moto," Otmari akajibu bila kugeuka. "Atapata huko."

"Mto umejaa, na mtoto yule hatamaliza siku kwa baridi hii. Moto upo hapa."

"Ukimwita ataingia ndani, na akiingia ataona. Ukimshika yule mtoto watakuuliza umejifunzia wapi. Hili shamba tunalikosa, mama. Tutakula nini?"

"Tutakula tutakachopata. Mwaka jana nilimwogopa Mzee Kahinga, nikamzika mtoto wa watu. Mwaka huu simwogopi."

Otmari alisimama mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, msimhukumu, alikuwa mtu mwenye njaa iliyomkaa akilini tangu utoto. Gaudensia hakumsukuma wala hakumbembeleza. Aliipachika rozari shingoni, akaifukua ile meko, akatupia majani makavu na vijiti, moto ukalipuka, na moshi wa mwaka mzima ukatafuta njia kwenye nyasi za paa. Kisha akamtazama mumewe mpaka yeye mwenyewe akapisha. Alitoka kwenye mvua akaita jina la Bibi Tabu mpaka sauti ikamkauka.

Bibi Tabu alikuwa amekwisha kutia mguu majini. Aligeuka, akauona moshi, akauona na ule msalaba mdogo kifuani pa jirani yake. Gaudensia alijaza makaa kwenye chungu, wakakimbia wote wawili.

Mtoto alikuwa amefungwa nguo tatu, zote na unyevu, midomo imegeuka rangi ya majivu. Siwema alikuwa amejigeuzia ukutani, hataki kumtazama, maana alikwisha kumhesabu na wafu. Gaudensia aliwasha moto kwanza. Halafu akayasema yote.

"Mimi ni Mkatoliki. Haya ninayoyajua nilifundishwa na masista. Siwezi kumshika mtoto huyu kabla sijamwomba Mungu wangu. Kama mnaona vibaya, semeni sasa."

"Omba," Bibi Tabu akamwambia. "Lakini uombe huku mikono inafanya kazi."

Akafanya ishara ya msalaba mbele yao kwa mara ya kwanza tangu aingie Ludihani, akaanza. Alimvua mtoto zile nguo mbichi, akamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa kanga kavu. Akapasha mawe, akayazungushia matambara, akayapanga pembeni. Maziwa alimkamua Siwema kidogo kidogo, akamdondoshea mtoto kwa ncha ya kijiko, tone moja, asubiri, tone jingine. Akawafundisha Siwema na Bibi Tabu, wakashika zamu. Hakurudi kwake siku nne.

Siku ya nne alikuja Mzee Kahinga mwenyewe. Aliitazama ile rozari kwa muda mrefu, akamwambia Gaudensia kwamba wamemdanganya, wamekula shamba lake kwa ukimya. Gaudensia alikuwa na kijiko mkononi. Alimjibu kwa heshima kwamba ni kweli, mzee, tumekukosea kwa kuficha, na shamba ni lako, ukilichukua nitaacha mahindi yangu humo humo. Lakini mtoto huyu simwachi, na rozari hii siivui tena. Mzee aliondoka. Alilichukua shamba la bondeni, naam, alilichukua, akawaachia kipande cha mlimani chenye mawe. Otmari alinuna wiki nzima. Halafu siku moja kilabuni, kabla ya kunywa ulanzi wake, akafanya ishara ya msalaba mbele ya wazee wote, akanywa, akarudi kung'oa mawe shambani kwake.

Mtoto alipona. Najua mngependa niishie hapo, na ningeweza kuwahesabia njiti wengine aliowalea Gaudensia, na jinsi jumuiya ya kwanza ya Ludihani ilivyosali sebuleni kwake. Lakini methali haikuzaliwa siku ya sifa.

Ilizaliwa siku ile mtoto alipoanza kunyonya mwenyewe. Wanawake walijaa pale kwa Bibi Tabu na viazi na mboga, kila mmoja akimshukuru Gaudensia, wakisema amefanya kazi ambayo haijaonekana. Sifa zile zilimchoma. Angeweza kuzipokea akakaa kimya, nani angejua? Walipoondoka alipiga magoti mbele ya Bibi Tabu, pale alipokuwa akichagua maharage.

"Mama, hata mwaka jana nilikuwa najua haya yote. Nilikuja msibani kwako, nikachota maji, nikanyamaza."

Mikono ya Bibi Tabu ilisimama juu ya ungo. Hasira ilimpanda mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, machozi yakamshuka, wala hakuyafuta. Gaudensia hakuinuka wala hakujitetea. Alikuwa ameamua kupokea chochote atakachopewa. Mtoto akasikika ndani akilia kwa nguvu, akanyonyeshwa, akanyamaza. Ndipo Bibi Tabu aliposema, taratibu, kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

"Mwaka jana nilizunguka kitongoji kizima nikitafuta wa kunisaidia. Kwa Mzee Kahinga niliingia. Ng'ambo ya mto nilifika. Kwako wewe, mwanangu, nilipita mara mbili, kwenda na kurudi, na sikusimama. Ningesimama kwa lipi? Nyumba isiyofuka moshi haiombwi moto."