Kava la Usukani la Bi Mwajabu

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yenyewe ni ya juzi tu, umeme ulikuwapo na simu zilikuwapo, katika kijiji cha Kwembago, juu kabisa ya milima ya Usambara, palitokea jambo. Mimi nilipolisikia nilikaa chini. Nilikuwa nimesimama napepeta mchele, nikakaa chini na ungo wangu, mchele ukamwagika, wala sikuuokota. Sikilizeni, halafu mtaniambia nyie mnaojua kuhukumu, maana mimi limenishinda.

Palikuwa na mkulima wa kabichi aitwaye Shebughe, na mkewe Sikudhani. Sikudhani alikuwa mjamzito. Watoto wao wawili wa kwanza walifia njiani kabla hawajazaliwa, kwa sababu hospitali iko bondeni, Kwembago iko mawinguni, na malori ya mboga hushuka asubuhi na mapema. Ukishikwa na uchungu mchana, umeshikwa peke yako. Mara hii Shebughe akasema, "Mke wangu hatabebwa tena kwenye machela." Akauza kipande cha shamba la urithi, akanunua gari.

Gari jipya, jamani! Si lile lililochokea kwa watu likaja kumalizia uzee kwetu. Jipya, dogo, jekundu, viti bado vina nailoni, na nailoni haikutolewa, nani atoe nailoni? Tena lina waranti. Muuzaji wake, Bwana Lwambano wa kampuni ya magari kule mjini, alimpiga Shebughe begani akamwambia, "Kaka, likiwa zima ni lako, likiharibika ni letu. Wewe kalale."

Sasa Bi Mwajabu, mama yake Shebughe, ni mfumaji. Na mnawajua mama zetu wafumaji: kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa. Gari lingeponea wapi? Akafuma kava la usukani kwa uzi wa sufu, mweupe na kijani, na kwa uzi uleule akafuma kofia ya mtoto. Kava akalishonea palepale kwenye usukani, mshono wa kutofunguka, akaweka nadhiri mbele ya mkwewe.

"Uzi wa kofia na uzi wa kava ni mmoja," akasema. "Haukatwi mpaka mjukuu wangu alie. Siku akilia, nitaufumua kwa mkono wangu."

Sikudhani alilia machozi. Mwanamke aliyezika mara mbili, ukimwekea nadhiri, umempa mahali pa kushika. Tangu siku ile akaanza kulala usingizi.

Basi gari halijazoeleka vizuri, usukani ukaanza vituko. Mara unavuta kushoto wakati barabara inakwenda kulia. Mara taa inawaka mbele ya dereva, na usukani unakuwa mzito kama jiwe la kusagia, kisha unalegea kama hakuna kilichotokea. Na barabara ya Kwembago ni kona tupu, huku ukuta wa mlima, huku korongo. Shebughe akasema, la, waranti si ipo?

Akashuka mlima. Bwana Lwambano akafungua mlango wa gari, akachungulia, akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Hiki nini?"

"Kava. Mama amefuma."

"Limetoka kiwandani?"

"Nimekwambia mama amefuma."

Bwana Lwambano akatikisa kichwa, akafungua kitabu cha waranti, akasoma kwa sauti ya khutba: kitu chochote kisichotoka kiwandani kikifungwa kwenye usukani, usukani hauna dhamana. Akafunga kitabu. "Pole, kaka. Sufu imekuharibia."

Sufu! Nyie, sufu! Uzi wa kufumia kofia ya mtoto ndio umeingia ndani ya vyuma ukavunja mashine! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Shebughe akapanda mlima, gari lilelile, usukani uleule.

Akashuka tena. Bwana Lwambano akasema, "Mnaishi wapi vile? Kwembago? Aa, gari hili ni la mjini. Kona zenu ndizo zimeuchosha usukani." Shebughe akamwuliza, "Siku unaniuzia hukujua naishi wapi?" Bwana Lwambano akapokea simu ambayo haikuwa imelia. Shebughe akapanda mlima, gari lilelile, usukani uleule.

Akashuka mara nyingine. Sasa hakuomba, alipiga kelele mpaka wateja wakatoka nje. Bwana Lwambano akaona aibu, akamvuta pembeni, akatoa mkasi kwenye droo.

"Nisikilize, kaka. Mimi si mbaya. Kata hilo kava hapahapa, mimi sijaona kitu, na usukani tutaufungua leo leo na kuubadilisha. Nikiandika kuwa nimelikata mimi, kazi sina. Kata wewe."

Shebughe akashika mkasi. Akaingia ndani ya gari, akapenyeza ncha chini ya uzi. Mkono ukakataa. Alimwona mama yake anaapa, alimwona mkewe analala usingizi. Akasema moyoni, nikikata uzi huu na mtoto akafa, nitajiambia nini? Akamrudishia Bwana Lwambano mkasi wake. Lahaula! Dawa iko mkononi, anairudisha! Na mimi ninayemshangaa, sijui kama ningeukata.

Akapanda mlima, akaliegesha gari nyuma ya nyumba. Akamwambia dada yake Nasra, ambaye ndiye mwingine pale nyumbani anayejua kuendesha, "Usukani una ugonjwa, usiliguse." Shebughe hakumwambia mama yake kitu. Angemwambiaje? Kwamba kava lake ndilo linalogombewa? Alimficha kwa mapenzi. Sikudhani naye akafichwa, asije akapata presha. Shebughe akaenda kwa jirani mwenye lori kulipanga lisubiri siku za kujifungua zikikaribia.

Lakini uchungu hausomi kalenda. Ukamshika Sikudhani kabla ya wakati wake, mchana, mvua inanyesha, Shebughe yuko shambani ng'ambo ya mto, malori yote yameshashuka. Damu ikaanza kutoka. Bi Mwajabu akatoka mbio na funguo mkononi.

"Nasra! Gari si lipo? Mpeleke wifi yako!"

"Mama, kaka amesema lisiguswe. Usukani una matatizo."

"Matatizo gani kuliko haya? Mtazame!"

Nasra akamtazama wifi yake, akazitazama funguo. Yeye ni fundi cherehani, mikono ndiyo mtaji wake. Akasema, "Bismillahi," akawasha gari.

Wakashuka. Kona ya kwanza salama, ya pili salama, Sikudhani mbele pembeni ya dereva, anauma kanga. Wakafika Kona ya Kabichi, inaitwa hivyo kwa kuwa malori humwaga mzigo pale. Taa ikawaka. Usukani ukakaza.

Ukakaza kabisa, nawaambieni! Korongo liko wazi mbele yao na usukani haugeuki. Nasra akaung'ang'ania, akapenyeza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko katikati ya usukani, akauvuta kwa mwili mzima huku anapiga mayowe. Na Sikudhani, mtoto anashuka, macho yamemtoka, akaiona ile breki ya mkono, akaivuta kwa mikono miwili. Gari likazunguka. Badala ya kwenda korongoni likaugonga mlima. Usukani ukazunguka wenyewe ghafla, na mkono wa Nasra bado umo ndani. Ulivunjika mara tatu.

Lori la kabichi lililokuwa linapanda likawakuta, likageuza na kuwawahisha bondeni. Mtoto akazaliwa hospitalini, wa kike, akalia. Alilia, alhamdulillahi! Lakini mkono wa Nasra haukunyooka tena. Vidole havishiki sindano mpaka leo.

Bi Mwajabu alipopata habari kwamba mjukuu amelia, alikwenda pale konani kutimiza nadhiri yake, akaingia kwenye gari lililopondeka na kuanza kufumua kava. Hapo ndipo Shebughe alipoketi kwenye jiwe na kumweleza yote, waranti, Bwana Lwambano, mkasi. Yule mama mikono ilimganda na uzi katikati.

"Mkasi ulikuwa mkononi mwako?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, nadhiri si yangu? Si ungeniuliza mwenye nadhiri? Ningelifumua siku ileile, ningelifumua kwa meno!"

 Wakalia wote wawili, mama na mwana, watu wakapita mbali.

Basi wanakijiji wakalipandisha lile gari kwenye lori la mboga, wakaenda kulimwaga mbele ya mlango wa kampuni, kava limening'inia nusu. Watu mjini wakajaa, simu juu, picha zikasambaa. Waliokuwa wamenunua magari kama lile nao wakaanza kuja mmojammoja: "Hata langu linavuta." "Hata langu lina taa." Kampuni ikaona maji yamefika shingoni. Ikasema itatoa gari jipya, na waranti mpya, kwa jina la mtu mmoja. Familia ichague ni nani.

Siku ilipofika, Bwana Lwambano mwenyewe akalileta Kwembago. Wakakutana uwanjani.

Shebughe akasema, "Gari ni langu. Niliuza urithi. Nilishuka na kupanda huku natukanwa. Nilikataa kusema uongo na sikuvunja nadhiri ya mama yangu."

Nasra akasema, "Kaka, heshima yako iko palepale, lakini hukuvunja nadhiri, umevunja mkono. Wangu. Nilijua gari ni bovu na nikaingia. Sasa cherehani nikanyage kwa mguu, kitambaa nishike kwa nini? Nipeni gari niweke dereva abebe watu, nile."

Sikudhani akasema, mtoto mgongoni, "Wifi, Mungu akulipe, ulivuta usukani. Lakini kilicholigeuza gari ni breki, na breki niliivuta mimi, na uchungu wangu. Na gari lilinunuliwa kwa ajili ya nani? Ni mimi nitakayeshikwa na uchungu tena mlimani hapa."

Wakamgeukia Bi Mwajabu.  Alikuwa amelizunguka lile gari jipya, amefungua mlango, na sasa amesimama mdomo wazi. Watu wakasogea kutazama. Yarabi toba! Kwenye usukani palikuwa na kava! Kava jeusi la ngozi, na jina la kampuni juu yake.

"Mwanangu Lwambano," Bi Mwajabu akasema. "Hili limetoka kiwandani?"

Bwana Lwambano akajibu, "Hilo, mama, ni zawadi. Tumeliweka sisi, pale ofisini."

 Na kabla hajapata pumzi, mama wa watu akauliza tena, polepole, "Na mbona hukuja unaliendesha? Mbona limepanda mgongoni mwa lori?"

Hapo ndipo watu wakaligeukia lori lililolileta. Kweli jamani! Walikuwa wameliona kwa macho yao likishushwa, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Gari jipya, lenye magurudumu manne na mafuta ndani, limebebwa kama mgonjwa!

Bi Mwajabu akasema, "Mimi sidai gari. Wanangu watatu hawa kila mmoja amesema haki yake. Lakini kwanza liwashe wewe. Shuka nalo mpaka Kona ya Kabichi, ugeuze, urudi. Ukirudi, nitakuambia uandike jina la nani."

Bwana Lwambano akazitazama funguo. Akaitazama barabara. Jasho likamtoka, na Kwembago ni baridi, watu wamevaa masweta. Akanyoosha mkono kumpa Shebughe, Shebughe hakupokea. Akamnyooshea Nasra, Nasra akauangalia mkono wake uliovunjika. Akamnyooshea Sikudhani, na Sikudhani akarudi nyuma, kamshika mtoto. Funguo zikamponyoka, zikaanguka kwenye tope. Mwenyewe akapanda lori, akaenda zake.

Gari liko uwanjani hadi leo, kuku wanalala chini yake. Funguo ziko pale zilipoanguka. Na msiniambie ziachwe tu, ndiyo hukumu rahisi hiyo, kwa sababu mlima uko palepale, hospitali bado iko bondeni, na wiki iliyopita Sikudhani ameanza tena kutapika asubuhi.

Haya, nyie wenye hukumu. Yupo aliyeuza urithi akaurudisha mkasi. Yupo aliyeacha mkono wake konani. Yupo aliyevuta breki huku anazaa. Na yupo aliyeufuma uzi, asiulizwe. Je, nani anastahili kuinama aziokote funguo zile?