Firasa ya Sheikh Mundhir

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut aliishi mwanachuoni aliyeitwa Sheikh Mundhir bin Labid. Watu walimsifu kwa firasa, ule utambuzi ambao Mola humtia mja wake moyoni, akalijua jambo kabla hajaambiwa. Naye sifa hiyo ilimwingia.

Siku moja mjane, Bi Rumaisa, alimjia pamoja na kijana aliyemposa binti yake. Kijana huyo, Ubaid, alikuwa mtia rangi nguo, jirani wa Sheikh ukuta kwa ukuta.

"Mtazame, Sheikh, uniambie firasa yako inasema nini."

Sheikh akamtazama. Ubaid akainamisha macho, na kila alipoulizwa neno alijibu akitazama mkeka.

"Huyu ana jambo analolificha," akasema Sheikh. "Usimpe mwanao."

Ubaid hakujitetea. Aliaga kwa adabu, akaondoka. Posa ikavunjika, minong'ono ikamfuata sokoni, hata watu wakaacha kumpelekea nguo zao. Haukupita muda, binti akaozwa mtu mwingine.

Sheikh alikuwa na baba mzee, kipofu. Habari hizo zilipomfikia, alishtuka.

"Ubaid jirani yetu? Si ndiye aliyeniinua siku ile uliponisukuma?"

Sheikh akaikumbuka siku ile. Siku hiyo mzee alimwagia uji kanzu yake ya Ijumaa. Kwa hasira Sheikh akamsukuma, mzee akaanguka, naye akatoka kwenda kuhutubia juu ya haki za wazazi. Alidhani hakuna aliyemwona ila Allah, na hata hilo halikumtisha.

"Aliniosha damu," mzee akaendelea, "akaniomba nikusamehe, mwanangu. Nikakusamehe."

Sheikh akaenda kwa Ubaid, akamkuta ameketi kando ya mitungi yake mitupu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, Sheikh wangu, bila kukuvunjia sitara?"

"Na mbona hukunitazama?"

"Niliogopa ungeyasoma machoni mwangu, ukaona haya mbele ya yule mama."

Sheikh akalia mpaka ndevu zikalowa. Baada ya sala ya alasiri alisimama msikitini, akayaeleza yote mbele ya watu, lile la baba yake na lile la kijana, bila kujipunguzia. Nyuma ya pazia Bi Rumaisa alisikika akilia, kwani binti yake alikwisha kuwa mke wa mtu. Ubaid alimsamehe. Lakini tangu hapo, kila aliposifiwa kwa firasa, Sheikh alijifunika uso kwa kilemba chake.

Enyi ndugu, firasa ni nuru na dhana mbaya ni giza, ila moyo unaojipenda hauwezi kuzitofautisha. Mola atujaalie kujitazama kwanza. Sheikh aliona sawasawa kwamba kijana yule anaficha jambo. Hakuona kwamba aliyekuwa akisitiriwa ni yeye.